Muuaji kakamatwa, kesi bado

Bibi kizee yuko hospitalini anakata roho, kusini mwa Sweden. Watu wasiojulikana walivamia shamba lake usiku, wakamtesa mumewe hadi akafa, naye wakamwacha na kitanzi shingoni. Askari wameketi kando ya kitanda wakisubiri aseme lolote. Anachosema ni kwamba waliokuja ni wageni, watu wa nje. Halafu anafariki. Mkuu wa upelelezi anajua maneno hayo yakivuja tu, kambi za wakimbizi zitachomwa moto. Yanavuja. Kabla kesi ya wazee wale haijafika popote, Msomali mmoja aliyekwenda huko kutafuta amani anapigwa risasi akitembea barabarani.

Ndivyo Henning Mankell alivyomtambulisha Kurt Wallander, mpelelezi wa mji mdogo wa Ystad, mwaka 1991. Mke kamkimbia. Binti haelewani naye. Baba yake, mchoraji anayerudia picha ileile miaka yote, akili zinaanza kumpotea. Wallander mwenyewe anakula hovyo, analala kwa mang'amung'amu, na baadaye kisukari kinamkuta. Katika riwaya hiyo ya kwanza anaendesha gari akiwa amelewa, anasimamishwa na askari walio chini yake, nao wanamfichia. Msomaji anaachwa na mpelelezi ambaye kwa haki naye alipaswa kuwa rumande.

Sasa mchukue huyo Wallander umlete Nkowe, Wilaya ya Ruangwa, mwezi Novemba, jua limesimama utosini na korosho zinaokotwa. Vitabu vyake huwafikia watu wa huku kwa njia za panya: nakala iliyochanika jalada kutoka kwa wauza vitabu vya mitumba Dar es Salaam, au faili lililorushwa kutoka simu hadi simu, tena kwa Kiingereza. Lakini wapo wanaovisoma, na wakivianza hawaviachi. Ukiwauliza kisa, wengi watakwambia ni ule ugeni: theluji, giza la saa tisa alasiri, watu wasiosalimiana. Sikubali. Theluji inaweza kumshikilia mtu kwa kurasa kumi. Hakuna anayekesha na kitabu cha kurasa mia nne kwa sababu ya hali ya hewa.

Sababu ya kwanza, na tusijifanye malaika, ni utamu wa kusoma aibu za mfadhili. Watu wa Lindi na Mtwara waliwajua wazungu wa kaskazini muda mrefu kabla ya Wallander. Wafini walishughulika na maji mikoa hii tangu miaka ya 1970, kisha kuanzia 1988 wakaja na RIPS, ule mradi wa maendeleo vijijini ambao magari yake yalizoeleka mpaka watoto wakayatambua kwa mlio. Pale Kibaha kuna kituo kikubwa cha elimu kilichoanzishwa kwa mkataba wa Tanganyika na nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden, kikakabidhiwa kwa serikali yetu Januari 1970. Sweden ikasaidia vyuo vya maendeleo ya wananchi. Kwa hiyo picha tuliyokuwa nayo ni ya watu walionyooka: hawaibi, hawapigani, wanapanga foleni, na wanakuja kutufundisha kuandaa mpango kazi. Halafu unafungua riwaya zao unakuta waziri kala njama na tajiri, daktari kawafungia watu wasio wagonjwa, na polisi kaharibu ushahidi kumlinda bosi wake. Mfadhili anaungama mwenyewe, kwa hiari yake, na kitabu kinauzwa dunia nzima.

Waliofungua mlango huo ni mtu na mwenzake, Maj Sjöwall na Per Wahlöö. Kati ya 1965 na 1975 waliandika riwaya kumi za mpelelezi Martin Beck wa Stockholm. Walikuwa wanahabari, waumini wa siasa za mrengo wa kushoto, na waliandika usiku watoto wakishalala, huyu sura hii na yule sura inayofuata. Walipanga tangu mwanzo kwamba vitabu kumi vitakuwa hadithi moja ya jinai. Mshtakiwa wa hadithi hiyo ni nchi yenyewe, ile Sweden iliyosifiwa kwa kumlea raia tangu tumboni hadi kaburini. Katika kitabu cha mwisho msichana mmoja fukara, aliyezungushwa na ofisi zote mpaka akachoka, anampiga risasi waziri mkuu na kumuua. Kitabu kilitoka 1975, mwaka huohuo Wahlöö akafariki.

Miaka kumi na moja baadaye, usiku wa Februari 28, 1986, Olof Palme, waziri mkuu wa kweli, rafiki wa Mwalimu Nyerere na wa vyama vya ukombozi vya Kusini mwa Afrika, alitoka sinema na mkewe Lisbet. Hakuwa na mlinzi. Barabara ya Sveavägen, katikati ya Stockholm, mtu akamfyatulia risasi mgongoni na kutoweka. Alihukumiwa mlevi mmoja mwaka 1989, na mwaka huohuo mahakama ya rufaa ikamwachia. Juni 2020 mwendesha mashtaka akatangaza kwamba anafunga jalada kwa kuwa mshukiwa wake alishafariki miaka ishirini kabla ya hapo. Huo ndio uliokuwa mwisho wa miaka 34 ya upelelezi. Mwandishi wa riwaya angepeleka mswada wenye tamati kama hiyo, mhariri angemrudishia.

Mmoja wa waliokataa kulala kwa ajili ya kesi hiyo ni Stieg Larsson, mwanahabari aliyewaandama Wanazi mamboleo wa nchi yake na kukusanya makabrasha akiamini nyayo za muuaji zinaelekea kwa Makaburu. Huyu ndiye aliyeandika riwaya tatu za Lisbeth Salander, binti aliyenyanyaswa na dola iliyojiita mlezi wake. Alifariki kwa moyo Novemba 2004, akiwa na miaka hamsini, kabla hata kitabu cha kwanza hakijatoka. Wachache wanajua kwamba mwaka 1977 alikuwa Eritrea akiwafundisha wapiganaji wanawake wa EPLF kutumia silaha. Hao waandishi wa giza walipita jirani zaidi na sisi kuliko tunavyodhani.

Na sisi tulikuwa na wa kwetu. Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi, Unguja, alishinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau la mwaka 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa 1960. Maiti ya Bwana Ali inakutwa mzimuni, watu wote wanatetemeka, na hapo anaingia Bwana Msa na kiko chake, taratibu, akiuliza maswali yanayoonekana ya kipuuzi. Wanasema kaiga Sherlock Holmes. Sawa, kiko kaiga. Kazi anayoifanya Bwana Msa ni ya hapahapa: kuondoa mzimu kwenye kesi na kuweka binadamu mwenye tamaa zake. Akishamtaja, mambo yanatulia, watu wanakunywa kahawa.

Wakaja wa bara. Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo, 1965. Kisha Elvis Musiba na Kufa na Kupona, 1974, akatuletea Willy Gamba: suti, bastola, warembo, na adui anayejulikana tangu ukurasa wa kwanza, Mreno au Kaburu. Ben Mtobwa naye akamleta Joram Kiango. Nilivisoma vyote kwa tochi na sivitukani, maana bila hivyo kizazi chetu kisingejua raha ya kusoma. Ila tukubali kitu kimoja. Willy Gamba anailinda nchi. Hata siku moja hatumwoni akiigeuzia nchi macho akaiuliza maswali. Ubaya unatoka nje kwa ndege, anaukabili, anaumaliza, Dar es Salaam inarudi kupumua. Ulikuwa wakati wa vita vya ukombozi, mabomu yalikuwa ya kweli, na pengine hapakuwa na nafasi ya kusema jingine. Lakini ukitoka kwa Gamba ukaingia kwa Martin Beck, ghafla unatambua kitu ulichokuwa umekikosa bila kukijua: muuaji anakamatwa, na kesi bado iko palepale.

Hiyo ndiyo sababu ya pili, na watu wa kusini hawahitaji kufundishwa hisia hiyo. Waulize habari za simba.

Mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Craig Packer na wenzake, akiwamo Dennis Ikanda, kuhusu simba waliokuwa wakishambulia watu Tanzania. Tangu 1990 walikuwa wameua watu wasiopungua 563 na kujeruhi zaidi ya 300, na kusini-mashariki, Lindi na Rufiji, ndiko kulikoumia mno. Polisi wa kawaida angesema kesi imekwisha: muuaji ni simba, mpigeni risasi. Wazee wa huku walikuwa na jibu lao. Mmoja alinieleza kwa upole, kama anayemsaidia mtoto mzito wa kuelewa: "Simba hajitumi, mwanangu. Ulizia kwanza nani aligombana na nani." Ni swali la Bwana Msa hilo, ila limepinduliwa, Bwana Msa alimtoa mzimu akamweka mtu, mzee anamtoa mnyama anamweka mtu.

Watafiti wakauliza swali la tatu, na hapo ndipo mimi husikia sauti ya Martin Beck. Kwa nini watu wanashambuliwa zaidi Machi hadi Mei? Kwa sababu ndiyo miezi ya mazao kukomaa na kuvunwa. Kwa nini shambani? Kwa sababu ya nguruwe pori. Mwenye shamba la mahindi au mtama asipolala huko, akiamka asubuhi hakuti kitu. Basi anajenga dungu: nguzo nne, kichanja cha fito, paa la nyasi lisilozuia hata umande, debe la kupigia kelele, moto unaokufa kabla ya alfajiri. Wakati mwingine familia nzima imo humo. Wanyama wengine wa kuwinda walishatoweka maeneo hayo. Simba kabakiwa na nguruwe, anamfuata nguruwe hadi shambani, na shambani anamkuta mtu aliyelala kwenye dungu lisilo na ukuta. Sasa niambie muuaji ni nani. Simba alikuwepo, hana wakili. Lakini aliyemlaza yule mama porini na mtoto mgongoni ni ufukara wa kukosa njia nyingine ya kulinda gunia tatu za chakula. Hilo huwezi kulipiga risasi, wala hulipeleki kituoni Ruangwa.

Kwa hiyo msomaji wa Nkowe anapomwona Wallander ameshamtia muuaji pingu na bado amekaa gizani kwenye gari akitazama mvua, haoni ugeni wowote.

Twende jirani, Nachingwea, mji ambao Waingereza waliujenga kwa ajili ya karanga. Mpango wa Karanga ulianza 1947 na kuzikwa 1951, mamilioni ya pauni yakateketea, reli ya kutoka Mtwara ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Yakabaki mashamba yenye namba. Humo ndimo FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilimopewa kambi yake kuu ya mafunzo kuanzia 1965, na Samora Machel akaiongoza. Mkuu wa chama, Eduardo Mondlane, alikuwa Dar es Salaam. Jumatatu, Februari 3, 1969, alikwenda Oysterbay kwenye nyumba ya rafiki, mahali alipozoea kufanyia kazi kwa utulivu, akafungua barua zake. Kifurushi kimoja kilikuwa na kitabu. Alipokifunua, kikalipuka.

Makachero wa Tanzania walifanya kazi ambayo Gamba angejivunia. Kutoka kwenye mabaki waliokota vipande vya betri, wakishirikiana na Interpol wakazifuatilia kutoka kiwandani Japani hadi dukani Lourenço Marques, mji unaoitwa Maputo leo. Mkono wa Wareno ukaonekana. Riwaya ya Musiba ingeishia hapo, na ingekuwa sahihi kwa nusu. Maana kifurushi hakikuruka chenyewe kutoka Lourenço Marques hadi mezani kwa Mondlane. Kilipita kwenye mikono, na baadhi ya mikono hiyo ilishukiwa kuwa ya wenzake. Hakuna aliyesimamishwa mahakamani kwa mauaji hayo. Chama kikaanza kutafunana. Mwaka 1975, muda mfupi kabla ya uhuru wa Juni 25, Uria Simango, mchungaji aliyekuwa makamu wa Mondlane kabla ya kufukuzwa, aliletwa kambini Nachingwea akasomeshwa ungamo refu mbele ya umati. Hakuwa huru tena. Baadaye aliuawa Msumbiji bila kesi, na mkewe Celina vilevile. Mwanawe Daviz alikuja kuwa meya wa Beira.

Ungamo lile lilisomwa ndani ya wilaya iliyopakana na Ruangwa, mwendo wa pikipiki. Sijui riwaya ya Kiswahili ambayo mpelelezi wake anabaki Nachingwea baada ya Mreno kutajwa, akasikiliza ungamo lile, na usingizi ukamkataa. Mankell, aliyeanza kuongoza Teatro Avenida ya Maputo mwaka 1986 na kuishi huko sehemu kubwa ya kila mwaka hadi alipougua (alifariki Oktoba 2015), alielewa kwamba Sweden na Kusini mwa Afrika zimo katika hadithi moja. Riwaya yake ya 1993 inaanza na mwanamke dalali wa nyumba aliyepotea Skåne na kuishia kwenye njama ya Makaburu wa Afrika Kusini. Mpaka ule aliuvuka bila kuomba ruhusa. Baadaye Wadenmark na Waswidi wakatengeneza tamthilia ya televisheni ambamo maiti inakutwa katikati ya daraja linaloziunganisha nchi hizo, nusu ya mwili huku na nusu kule, na ni ya watu wawili tofauti. Nikiitazama niliwaza Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lililofunguliwa 2010 juu ya Ruvuma. Kachero wa Mtwara na wa Cabo Delgado wakigombania maiti, mmoja anaongea Kiswahili, mwingine Kireno, na wote wawili wanaelewana kwa Kimakonde. Sijaona haja ya theluji hapo.

Lakini kama ningeambiwa nichague mmoja wa waandishi hao wa kaskazini aje akae Nkowe miezi mitatu, nisingemleta Mankell wala Larsson. Ningemleta Karin Fossum wa Norway. Huyu haandiki njama za kimataifa. Anaandika kijiji ambacho kila mtu anamjua mwenzake, binti anakutwa kafa kando ya ziwa, na Inspekta Sejer, mtu mpole asiyepaza sauti, anakaa jikoni kwa watu akinywa kahawa. Muuaji wa Fossum mara nyingi ni mtu ambaye jana alikuazima baiskeli. Unamalizia kitabu ukimwonea huruma, na hilo ndilo linalokuudhi.

Angefika msimu wa korosho na kukuta jinai iliyoandaliwa tayari, yenye jina linalojulikana na kila mtoto: kangomba. Kwa asiyejua, kangomba ni ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi. Chama cha msingi kinataka mzigo upite ghalani, uende mnadani, mkulima asubiri. Lakini Juni hakuna hela, mtoto kafukuzwa shule, baba analala hoi. Mtu anapita na fedha taslimu ananunua mikorosho ikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa. Wakati serikali ilipoamua Novemba 2018 kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuwaleta wanajeshi kuzibeba, uhakiki ulipita nyumba kwa nyumba kuwatafuta wa kangomba: una mikorosho mingapi, hizi gunia zimetoka wapi? Wakulima wengi walingoja malipo kwa miezi.

Mpe Fossum hapo. Mnunuzi mmoja wa kangomba kakutwa amekufa shambani, mfukoni ana daftari la majina. Sejer anaanza kuuliza. Anakuta kila aliyemo daftarini alikuwa na sababu ya kumchukia, na kila mmoja pia ana siku aliyokwenda kumgongea mlango usiku akapewa hela ya hospitali bila kuulizwa. Marehemu ni mjomba wa nusu ya kijiji. Alipeleka wapwa sekondari kwa faida aliyoipata kwa mama zao. Wanaomlilia na waliomnyonga wako kwenye mkeka mmoja wa matanga, na sheikh anayesoma dua naye jina lake limo, gunia mbili, tangu Mei.

Mwandishi wa Kiswahili atakayeianza riwaya hiyo anitafute. Nitamlipa leo, mikorosho ingali maua.